Mlio Asiousikia Badaplin

...basi si waya, maana waya ameshaubadilisha, ule mweusi ameutoa na kuchomeka wa buluu alioununua mjini Guwahati, na bado kijana wa mitambo kule nyuma ya uwanja ameinua kidole na kukitikisa, maana yake bado, kuna kitu kinalia, na Badaplin anaitikia kwa kichwa kama mtu anayekisikia pia, anakunja uso, anachuchumaa tena mbele ya pedali zake za gitaa, visanduku vya kukanyaga, zilizopangwa juu ya ubao, anagusa hii, anasukuma ile, kwa vidole vya mtu anayejua anachotafuta, kumbe hajui lolote, hasikii chochote, anasikia gitaa lake la besi linavyovuma kifuani anapogusa uzi mnene, hilo analisikia vizuri, analisikia mpaka kwenye magoti, lakini huo mlio wanaoulalamikia haupo, kwake haupo, kuna ukimya tu na manyunyu yanayoanguka juu ya turubai la jukwaa, tena hata hayo manyunyu labda hayasikii, labda anayaona tu na akili inajimalizia yenyewe, kama mtu anayeusoma wimbo anaoujua... "Kong Bada," anasema Wanphrang, na hilo analipata, jina lake na lile Kong, yaani dada, la heshima, anavipata daima, lakini yanayofuata yanamfikia yakiwa hayana meno, irabu tupu, ooo, aai, kwa sababu Wanphrang amegeuka kutafuta kapo yake, kibanio cha nyuzi, na mdomo wake hauonekani, kageuka sasa hivi, mshenzi huyu, mtoto wa mama mdogo, aliyefundishwa na yeye mwenyewe kushika gitaa sebuleni kwa nyanya yao, na sasa ndiye kiongozi wa bendi na ndiye solo na ndiye anayeamua nani anapanda jukwaani na nani anapumzika... "Eeh," anamjibu, jibu linalofaa karibu kila swali, na Wanphrang anamtazama, kidogo zaidi kuliko inavyopasa, kisha anacheka na kusema kitu kwa mwimbaji, na wanacheka wote wawili, je, wanamcheka yeye, ndivyo ilivyo siku hizi, kila kicheko asichokidaka anakivaa mwenyewe.

Saa tisa mchana, uwanja wa mpira wa mtaa wa Mawlai, Shillong, vibanda vya chakula vimeanza kufuka moshi na harufu ya nguruwe na ufuta mweusi inapanda hadi jukwaani, wao watapiga jioni, wa tatu katika orodha, watu wa mtaa wote watakuwepo, wazazi wa wanafunzi wake watakuwepo, na huo mlio, anajiambia, utakuwa mwembamba, kama wa mbu, ule unaotolewa na pedali zikikosana na umeme, aliwahi kuusikia zamani, anaukumbuka jinsi ulivyo, anaweza hata kuuimba kichwani, basi labda ukikumbuka kwa nguvu utasikia, akatega sikio, akafumba macho, akatega... hakuna, ukuta, kama siku ile ndani ya kile chumba cha kioo hospitalini, daktari mwanamke mpole aliyemwambia abonyeze kila akisikia mlio, naye akakaa na kidole juu ya kitufe, akasubiri kwa adabu, akasubiri, akadhani mtambo haujawashwa, mpaka alipoinua macho akamwona daktari upande wa pili wa kioo anaendelea kuzungusha na kuandika, kuzungusha na kuandika, na milio yote ile ilikuwa inapita masikioni mwake kama wageni wanaopita nje ya nyumba bila kubisha. "Sauti nene unazo zote," alisema daktari, "ni hizi nyembamba ndizo zimekwenda, na zikienda hazirudi, unafanya kazi kiwandani?" na yeye akajibu, "Mimi ni mwalimu wa darasa la nne," ambayo ni kweli, hakusema kwamba nusu ya maisha yake amesimama jioni baada ya jioni upande wa kushoto wa matoazi ya Shanbor, mpiga dramu wao, kwenye harusi, kwenye mabonanza, kwenye vyumba vya mazoezi vidogo kama kabati, bila kitu masikioni, kwa sababu kuziba masikio kulikuwa mambo ya watu wanaoogopa muziki... na darasani juzi mtoto alimwambia anaumwa tumbo, yeye akamwambia vizuri sana, keti.

"...bado?" anauliza mwimbaji, huyo amesema bado, midomo iligusana mwanzo, bado, na Badaplin anasema, "Ni hizi sehemu za umeme, mvua imeingia," kwa sauti ya fundi, na kuzima pedali ya kwanza, anatazama nyuso, hakuna uso uliobadilika, anaiwasha, anazima ya pili, anatazama, hivi ndivyo anavyosikia sasa, kwa nyuso za watu, na ya tatu ni ile ya kung'arisha sauti, ndogo, ya rangi ya machungwa, mkono wake unafika kwenye kidude cha kuzungushia toni na kukikuta kiko mwisho, kimefika mwisho kabisa, hakizunguki tena, na anakumbuka kwamba na kile cha kwenye gitaa kiko mwisho, na cha kwenye amplifaya kiko mwisho, vyote vimezungushwa kulia mpaka vikagoma, na mkono unasimama hapo... maana mwanzoni hakuwa mpigaji wa namna hii, mwanzoni besi yake ilikuwa nzito, ya kiza, watu walisema inaingia kama supu, na aliipenda hivyo, alikuwa na amplifaya la zamani zito kama friji, walilibeba yeye na Shanbor kwenye ngazi za soko la Police Bazar wakipumzika kila kona na kutukanana, kisha sauti ikaanza kufa, hivyo ndivyo alivyosema, sauti inakufa, akalaumu nyuzi, akaweka mpya, za chuma kikali, baada ya wiki mbili zimekufa tena, akaweka nyingine, akalaumu sumaku za gitaa, akazibadilisha, akalaumu lile amplifaya, akaliuza kwa kanisa moja huko Nongstoin na kulia njiani akirudi, akanunua hili dogo jepesi, akanunua hii pedali ya machungwa, kila mara akisikia kidogo, ahaa, hii ndiyo, hii ndiyo toni niliyokuwa naitafuta, kisha inafifia, na Wanphrang siku moja mazoezini aliweka gitaa chini na kusema, "Kong, besi yako siku hizi inakata kama wembe, mimi nasimama wapi?" naye akamjibu mbele ya wote, "Masikio yako yamezeeka wewe," wakacheka, alicheka yeye kuliko wote... hakuwa anatafuta toni, anawaza, na mkono bado uko pale kwenye kidude, miaka yote hiyo hakuwa anatafuta toni, alikuwa anakimbiza kitu kilichokuwa kinaondoka, kila kilipopiga hatua aliongeza, wenzake ndio waliokuwa wakikatwa na wembe, na hakuna aliyemwambia, au walimwambia.

Basi chomoa vyote, wazo linamjia, tamu, jepesi, chomoa pedali zote, chomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya, mlio utakufa, kijana wa mitambo atainua dole gumba, tutashuka tukanywe chai, hakuna atakayejua, leo, na ya wiki ijayo utayajua wiki ijayo, kuna njia nyingi, unaweza kusimama karibu zaidi, unaweza kusoma midomo, unaweza kusema eeh... kwa maana wakijua, itakuwa kama Bah Rimiki, kaka mkubwa wa bendi, na kinanda chake, vidole vilipoanza kuvimba, "Pumzika kidogo, Bah, mpaka baridi ipite," Wanphrang alimwambia kwa upole ule ule, na yeye Badaplin alikuwa hapo, akiitikia kwa kichwa, na baridi ikapita ikarudi ikapita, na Bah Rimiki sasa huja na mwavuli wake na kusimama pembeni na kumsifia kila mtu, na kila mtu humwambia tutakuita, sitaki kuitwa Kong aliyekuwa akipiga besi, sitaki mwavuli, mimi bila hii nina daftari za darasa la nne tu na nyumba ya dada yangu... lakini je, kama mlio unatoka kwenye amplifaya lenyewe, akichomoa vyote na bado unalia, na yeye amesimama pale akitabasamu kama aliyemaliza kazi, wote wakimtazama, mlio ukiendelea masikioni mwao.

Kijana wa mitambo anasema kitu kwenye kipaza sauti chake, sauti yake inatoka kwenye spika ya miguuni, kubwa, na bado haina maana, "Kong... a-i-u... u-o-o-a... o-a, o-a," ni kijana mwenye heshima, Dhruba, anatoka Guwahati, huyu hana kosa, na Badaplin anafungua mdomo kusema eeh, ndipo anapomwona Shanbor. Shanbor amekaa nyuma ya dramu zake, mashavu yamejaa tambuu, midomo myekundu, hata hamtazami Dhruba, anamtazama yeye, na mkono wake mmoja unavuta kitu kisichokuwepo hewani, anavuta, anakiweka kando, anavuta kingine, anakiweka kando. Moja moja. Ondoa moja moja. Ndivyo Dhruba alivyosema, jaribu kuondoa moja moja... na Shanbor amefanya hivyo upesi mno, bila kufikiri, kama mtu anayefanya kila siku, na kweli, anakumbuka, kila siku, zile fimbo anazoziinua juu ya kichwa kabla ya kuanza wimbo, yeye akadhani anajionyesha kwa vijana wenye simu, na dramu alizozigeuza upande mwaka huu, Wanphrang akanung'unika kwamba jukwaa limekaa vibaya, na Shanbor akasema mgongo wake unauma akikaa kule, mgongo gani, mwoka mikate yule, anakanda ngano tangu alfajiri hajawahi kulalamikia mgongo, amegeuza dramu ili uso wake uonekane... na Jowai, ile harusi ya Jowai, wote walipoukata wimbo kwa pamoja na yeye akaendelea peke yake, hakusikia mwimbaji akihesabu, besi ikatembea yenyewe ukumbini, na watu wakapiga makofi wakidhani ni ufundi, na Wanphrang akasema njiani, "Ile ilikuwa tamu, tuiweke iwe hivyo," wote wakafurahi, ila Shanbor alitazama nje ya dirisha la gari hadi Shillong.

Anasimama. Magoti yanalia, hayo anayahisi. Anakwenda na gitaa likiwa bado begani, waya wa buluu ukiburuzika nyuma yake, mpaka kwenye dramu, anainama karibu na sikio lake kana kwamba Shanbor ndiye mgonjwa.

"Siusikii," anasema.

Shanbor anahamisha tambuu upande wa pili wa shavu. Anageuza uso wote kumwelekea, midomo yote ionekane, na hiyo pekee inatosha kumkata maini. "Najua."

"Tangu lini?"

"Jowai. Labda kabla."

"Ukanyamaza."

"Nilingoja useme. Tena ulikuwa unapiga vizuri, Kong. Mguu wangu wa kulia na besi yako havijawahi kuachana, hata siku ile. Ni sisi tuliosimama, wewe ulikuwa ndani ya mdundo."

Na hilo lingempa faraja dakika tano zilizopita, sasa linamkera, linamwasha, maana ni upole, ni ule ule upole wa mpaka baridi ipite, na wakati huohuo si huo, Shanbor hajamwambia apumzike, Shanbor amegeuza dramu, mtu anayetaka uondoke hageuzi dramu zake na kusingizia mgongo, lakini amechoka pia, anauona uchovu chini ya macho yake, kupiga mdundo na kuwa masikio ya mtu mwingine, nyimbo zote hizo, bila kushukuriwa, huku yeye akimwita mringaji... "Nitamwambia Wan," anasema, na kuisikia sauti yake mwenyewe, ile nene, aliyo nayo. "Si baada ya onyesho. Sasa hivi."

"Atasema upumzike."

"Aniambie nikiwa nimeshika gitaa."

Shanbor anacheka kidogo bila sauti, au kwa sauti, nani ajuaye, mabega yanatikisika. Wanphrang kule mbele amegeuka, anawatazama, mikono imefunguka, vipi, na midomo yake inasema jambo refu ambalo Badaplin halipati, na kwa mara ya kwanza tangu chumba kile cha kioo hajibu eeh, anainua kiganja, ngoja, anasema kwa nguvu, "Wan, sijakusikia, njoo hapa, nina neno, na ukisema nami nitazame," na uso wa Wanphrang unabadilika, hajui bado umebadilika kuwa nini, anakuja, anaruka waya, anakuja, moyo unapiga, huo nao ni wa sauti nene, na kule nyuma Dhruba ameinua tena kidole chake, bado, mlio upo, manyunyu yapo, na Badaplin anachuchumaa tena mbele ya ubao wake, anaishika plagi ya ile pedali ya machungwa na kuivuta, kisha hatazami pedali, hatazami uwanja, anamtazama Shanbor usoni, wazi, bila kujificha, kama mtu anayeuliza njia, na Shanbor anatega sikio, anangoja, anatikisa kichwa. Sio hiyo. Anashika inayofuata.