Mshono wa Buluu

Wambugu alipoona bomba la moshi la gari lake la mashindano, alitoa simu akalipiga picha. Pale palipokuwa na ufa sasa palikuwa na mshono wa buluu niliouchomelea, unang'aa kama mafuta juu ya maji.

"Nekoye, hii imetoka poa sana."

Nikawasha grinda, nikaukata wote.

"Ati unafanya nini?"

"Hiyo buluu ni hewa," nikamwambia. "Bomba hili ni la titani, na titani ikiwa moto inataka gesi yangu ya kuchomelea peke yake. Upepo wa mlima umepita chini ya mlango ukaipeperusha hiyo gesi. Hapo ingevunjika kama biskuti."

"Lakini ilikuwa imeshika."

"Ilishika. Haingekaa."

Nilivua sweta nikaziba nayo chini ya mlango. Baridi ya Naro Moru ikaniingia mbavuni. Nikajaza gesi ndani ya bomba, nikachomelea upya polepole, na sikuacha kulipulizia gesi mpaka lilipopoa. Safari hii mshono ulitoka rangi ya fedha, wa kawaida kabisa.

Wambugu hakugusa simu. "Sasa nitaonyesha watu nini?"

"Waonyeshe gari," nikasema, "ikirudi nyumbani."