Mpini Ndani ya Soksi

...wala hakuutafuta, mkono wake haukutafuta kitu, uliingia chini ya kiti nilichokalia ukapita kando ya miguu yangu kama unakwenda kwao, ukatoka na soksi, na ndani ya soksi kile kimpini cha chuma, akakichomeka kwenye tundu juu ya kioo cha mbele, akazungusha mara moja, akashuka, akavuta kitu nyuma ya kiti cha dereva bila hata kuinama kutazama, na paa la turubai likanyanyuka, likajikunja, likalala chini ya mfuniko wake, na jua la Endamarariek likanipiga utosini, na yeye, Godson, mume wangu, akapangusa viganja akasema, "Aisee, kumbe linafunguka," kama mtu ambaye gari hili analiona leo kwa mara ya kwanza... kumbe linafunguka. Asubuhi tukiwa bado Karatu nilimuuliza, Baba Angel, hilo gari umeshalikagua, akaniambia hajawahi hata kulikaribia, amelisikia tu kwa madereva wenzake, benzi ya Kijerumani ya mwaka sabini na nne, milango miwili, iliachwa na mzungu mmoja wa shamba la kahawa alipohama, iko ghalani kwa mzee Thomasi chini ya turubai, mzee anaiuza kwa bei ya bure. Sasa mkono umejuaje? Ngoja, Margareth, usiwe mwanamke wa kushuku kila kitu, huyu ni dereva wa watalii, miaka kumi na minne anafungua mapaa, akifika getini Ngorongoro anafungua paa la Landkruza huku anawasimulia wageni habari za faru, macho kwa wageni, mikono juu, paa limeshapanda, mkono wa kazi hauulizi njia, hata mimi naingiza uzi kwenye sindano huku nagombana na mteja... lakini paa la Landkruza lina vitasa vinne vya ndani na kila mtu anaviona, halina mpini, halina soksi.

Na soksi iko hapa, ameidondosha mapajani mwangu, juu ya mkoba wenye fedha, na mzee Thomasi anaongea, gari limeshasukumwa nje ya ghala, ameweka karatasi ya mauziano juu ya boneti na kalamu juu ya karatasi isipeperuke, anasema mzungu yule siku ya kuondoka alilishika gari hili akalia machozi, anasema toka siku hiyo halijaguswa, "miaka sita mama, limelala tu, kuku tu ndio walilipanda," na mimi naitikia ee, ee, huku naigeuza soksi, soksi ya shule, nyeupe iliyopata rangi ya vumbi letu, ndogo, ya mtoto wa darasa la pili, na kisigino chake kimetiwa kiraka cha uzi wa bluu. Naujua mshono huu. Fundi anajua mshono wake hata gizani, mimi nikiziba tundu napeleka uzi kwenda, narudisha ukipishana, halafu namalizia na fundo dogo pembeni lisimchome mtoto, mama alinifundisha hivyo Machame, na Karatu nzima sijaona mwingine anayemalizia pembeni, na uzi ni wa bluu kwa sababu mweupe uliniishia, mwaka ule wa mvua kubwa, mwaka wa El Niño, barabara ya Makuyuni imekatika, hakuna lori la kuleta uzi wala sukari... miaka sita halijaguswa, mzee? Hii soksi ina miaka miwili na kidogo.

Hii soksi nilimpigia Angel. Mungu wangu. Ilikuwa Jumapili jioni, naandaa sare yake ya kesho, soksi ni moja, nikamuuliza nyingine iko wapi, akasema mama niliianika kwenye kamba, nikamwambia soksi haina miguu, akasema mama kweli niliianika, nikasema unanijibu, nikavua kandambili nikampiga, halafu nikampiga tena kwa sababu hakukubali kosa, na wiki nzima akaenda shule na soksi mbili zisizofanana, mwalimu naye akamsimamisha mbele ya wenzake, mtoto wa mshona sare! Na baba yake alikuwepo. Alikuwa amekaa palepale kwenye stuli anakunywa chai, akasema kwa upole, mwache mtoto, Mama Angel, soksi ni soksi tu, na mimi nikamwona ana huruma kuliko mimi, nililala nikijiona mama mkatili mwenye mume mwenye moyo... kumbe alikuwa anajua iliko. Aliitoa kwenye kamba asubuhi akaja kufungia chuma chake. Alimtazama mtoto anapigwa, akapuliza chai.

Mwaka ule ndio alioniambia kampuni haijawalipa. Msimu mzima, alisema, wageni hawaji, madaraja yamekwenda na maji, bosi amefunga ofisi, tuvumilie, na nani alivumilia? Nilishona sare za shule mbili kwa mashine ya miguu mpaka magoti yakavimba, nikafungua gauni langu la harusi nikashonea watu vitambaa vya meza, tulikula makande yasiyo na maharage, yaani mahindi matupu tukayaita makande ili mtoto asiulize. Ndipo siku moja nikamwambia, mbona wenzako wa kampuni ileile wanaezeka nyumba, wewe mshahara wako umesombwa na maji gani, akanipazia sauti mpaka jirani akatoka nje, na siku tatu hatukuongea, na siku ya nne akaingia chumba cha kushonea ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Isale yangu mwenyewe, niliyoitoa Machame imefungwa kwenye gunia bichi nikaipanda mpakani mwa kiwanja chetu ili hata huku ugenini tuwe na uzio wa kwetu. Akasema, "Nimekosa kwa kukupazia sauti." Nililia. Kwetu mtu akikuletea isale kuomba msamaha huirudishi, hata awe amekuchomea nyumba, anayeirudisha anajitafutia laana, na jambo likishafungwa kwa isale halifukuliwi tena, mama alinilea hivyo na Godson alilelewa hivyohivyo, kijiji cha pili kutoka chetu, anaijua sheria kama ninavyoijua, na ndiyo maana mimi sikuuliza tena habari za mshahara ule, hata siku moja, kwa sababu ningekuwa nafukua... ee, Godson. Uliomba msamaha wa kelele ili usiulizwe habari za fedha. Ulichuma jani la baba zetu ukaniziba nalo mdomo. Ungenipiga kofi ningelisahau, lakini hili.

"Hii ni klasiki, Mama Angel," anasema sasa, anapapasa mlango, "wageni wa hanimuni watapanga foleni, unawapeleka ukingoni pale juu ya kreta, wanapiga picha, mchana umeshapata mshahara wa mwezi," wiki tatu wimbo ni huohuo, mpaka mashine yangu ya kutarizi nimeiahirisha, mashine niliyoishonea miaka miwili, kampuni zote za watalii zinataka jina lao lishonwe kifuani kwenye mashati, Karatu hakuna wa kuwashonea, wanapeleka Arusha, na fedha yake ndiyo hii mkobani, yote, nimeikumbatia toka nyumbani kama mtoto mchanga. Na kama gari ni lake, nani anauza? Nilipouliza bei ya mwisho mzee Thomasi alimtazama Godson kwanza, kama mwanafunzi aliyesahau jibu, nikadhani ni ule utaratibu wa wazee kutopenda kupatana bei na mwanamke. Mzee atapewa cha kulihifadhi gari ghalani na cha kuongopea, na zilizobaki zitarudi kwa mlango wa uani zikaingie mfuko wa suruali ya kaki niliyoishona mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye fundi nguo. Gari hili nimeshalinunua, nililinunua kwa magoti haya, na leo nimeletwa nilinunue mara ya pili.

Na baya zaidi nalipenda. Lazima niseme ukweli hata kama nausema moyoni, nilipoingia nikakaa, kitu cha kwanza nilichotazama ni viti, ngozi nyekundu, mishono miwili imekwenda sambamba toka begani mpaka ukingoni, hakuna pigo lililoruka, miaka ishirini na sita hakuna uzi uliotoka, nikasema moyoni aliyeshona hapa hakumwibia mtu, na nikajiona niko ndani ya gari hili nimefunga kitambaa, nimevaa miwani, napita sokoni Karatu na vumbi lile jekundu linanimaliza mimi na klasiki yangu, wanawake wanacheka, nami nacheka. Angeniambia tu. Angekuja mwaka ule akasema, Mama Angel, nimefanya upumbavu, nimeona gari likaniingia moyoni nikalinunua, ningepiga kelele, ee, ningepiga kelele mpaka Rhotia wasikie, halafu ningekuja na ndoo na sabuni tukaliosha. Labda ana aibu. Labda anatafuta njia ya kulileta nyumbani bila kuungama... lakini mtu mwenye aibu hampangii mkewe bei, Margareth, usimshonee viraka, umemshonea vya kutosha.

Upepo umegeuka, una ubaridi, wingu linashuka kutoka msitu wa Ngorongoro, kule juu kumeshafunga, na Godson anasema mzee anakusubiri, saini tu hapo chini, na kesho najua itakavyokuwa, akishafahamu kwamba nimefahamu atanyamaza siku tatu, ya nne atakwenda mpakani atachuma jani, atakuja kwa mikono miwili, na mimi nitalipokea. Nitalipokea, sitajitafutia laana kwa ajili ya benzi. Lakini kusamehe ni kusamehe na kununua ni kununua, mama hakunifundisha kwamba isale inalipiwa, na safari hii kabla sijanyoosha mkono nitamuuliza, hili ni jani la kosa lipi, yataje yote, moja baada ya jingine, mimi nasubiri. Sitapiga kelele hapa. Sitampa mzee Thomasi cha kusimulia kilabuni. Nanyoosha tu kiganja, nasema nipe huo mpini, na Godson ananipa anacheka, anafikiri nataka kujifunza, na mimi nageuka, namnyooshea mzee, naye ameupokea kwa adabu zote.

"Mvua inakuja, mzee," nasema. "Nifungie paa kwanza, wewe mwenye gari, halafu nisaini."

Na hakuna kilichobadilika, karatasi iko juu ya boneti, kalamu iko juu ya karatasi, mimi nimekaa palepale, ila mzee anaugeuza mpini kichwa chini miguu juu, anautazama kama dawa aliyoandikiwa mtu mwingine, sasa anaujaribu kwenye mlango, hauingii, anazunguka nyuma, anapapasa buti, tone la kwanza limeangukia kiti chekundu, la pili limeangukia mkono wangu, na mkono wa Godson umetoka mfukoni wenyewe, umefika nusu ya njia kuelekea nyuma ya kiti cha dereva, umekwamia hewani, na macho yake yameshuka mpaka mapajani mwangu yakaiona soksi, na sasa anajua. Simtazami. Naikunja, kisigino ndani, naiweka mkobani juu ya fedha, navuta zipu, na matone yanaongezeka na mzee anasema hivi hii inaingia wapi, na mimi nahesabu mwendo wa kutoka hapa mpaka nyumbani, maana sijawahi kusikia mzazi anampelekea mtoto isale, labda hakuna aliyewahi, lakini leo natangulia mimi kufika mpakani, nachuma la kwanza, naliambatanisha na hii soksi, na nampelekea Angel kwa mikono miwili.