Mafuta ya Mama Hamudi

Wivu ulimshika Yuliana alipomwona jirani yake Fatu, mama Hamudi, anarudi na dumu la mafuta ya taa, kalipakata kama mtoto. Tangu bei iachiwe huru, Mnyambe ilikuwa inalala giza, na kamati ya kijiji ikaamua kuwagawia bure wasio na uwezo. Jioni moja walipita kukagua nani hana taa. Kwa Yuliana walitupa jicho tu, wakaenda zao. Kwani huyo Fatu kamzidi nini kwa shida? Kujiliza tu!

Yeye jioni ile alikuwa amewasha chemli barazani, wakubwa wasimwone fukara.

"Hodi, Mama Gasper!" Fatu alimwita Yuliana mlangoni. "Mafuta nimepata. Naomba ile chemli yangu niliyokuazima."