Ukuta wa Nyuma

Nosim aliketi nyuma ya nyumba yake, mgongo ameuegemeza ukutani, miguu ameinyoosha kwenye vumbi, na mwanawe Loishiye amesimama mbele yake na shoka mkononi asijue alitie wapi. Pale palipokuwa na mgongo wa mama ndipo alipotaka kutoboa mlango. Tangu ng'ombe walipotoka kwenda malishoni hadi jua lilipofika utosini, mama hakuinuka hata kwenda kunywa maji.

"Yeyo, inuka," alimwambia mama yake.

"Nikiinuka utapiga."

"Nitapiga, ndiyo."

"Basi siinuki."

Loishiye alilitupa shoka chini. Hakuna hasira chungu kama ya kutaka kumwokoa mtu asiyetaka kuokolewa, na yeye alikuwa ameimeza hasira hiyo tangu mvua zilipokatika. Ardhi ya Meru haikuwa ikitulia siku hizo. Ilitetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena, vibuyu vya maziwa vikagongana kutani, na mbwa wa kijiji kizima cha Kimandolu wakabweka bila kuona mtu. Kila ilipotokea hivyo, watu walitoka nje, wakautazama mlima, wakasema umegeuka usingizini, kisha wakarudi ndani kumalizia chakula. Walichomalizia wao Loishiye hakuweza kukimeza.

Aliifahamu nyumba ya mama yake. Mlango ulikuwa mmoja, mfupi, wa kuingia umeinama. Ukishaingia, mkono wa kulia amefungwa ng'ombe. Katikati kuna moto usiozimwa. Na kule ndani kabisa, kwenye ukuta wa nyuma, ndiko kitanda cha ngozi alicholalia Nosim na mjukuu wake Naeku, mtoto wa Loishiye, kwa maana mtoto akishaachishwa ziwa hulala kwa bibi yake. Ardhi ikitikisika, wa kwanza kuukimbilia mlango ni ng'ombe. Naye akikwama pale, aliyeko nyuma yake amebaki na moto na nyasi za paa.

Hakuwa akibuni. Yalimpata jirani yao Nkasiogi, mama yake Kasaine. Siku tetemeko kubwa lilipopita, ng'ombe wake aliuziba mlango kwa tumbo, paa likalalia moto, na mayowe yakasikika mpaka ng'ambo ya mto Nduruma. Loishiye na Kasaine waliupiga ukuta wa nyuma kwa mashoka, fito zikakatika, wakamvuta bibi kizee akiwa hai, nywele zimeungua tu. Loishiye alidhani watu wangeshangilia.

Hawakushangilia. Katika ukoo wao, ukuta wa nyuma hutobolewa siku moja tu, siku ya kumtoa maiti, kisha huzibwa upesi ili aliyetoka asiione tena njia ya kurudi. Nkasiogi alikuwa ametolewa kwa njia hiyo. Alikuwa akipumua, ndiyo, lakini njia ilikuwa ile ile. Tangu hapo hakuna aliyempokea kibuyu mkononi mwake. Wanawake walimpisha mtoni kama wanavyowapisha nyuki.

Loishiye aliwaendea wazee penye zizi la Mzee Lemburis, walipokuwa wakigawana nyama. Aliwaomba wachinje mbuzi, wabariki, kila nyumba itobolewe mlango wa pili, na ng'ombe wafungwe mbali na ule wa mbele. Aliwaomba hata lile dogo: moto ufukiwe kwa majivu kabla ya kulala, na kuni ziondolewe darini juu ya vichwa vya watoto.

Lemburis alitafuna pole pole mpaka akamaliza.

"Kijana, waliotutangulia walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe ukuta mzima, wataka kuutoboa?"

Wakacheka. Mwingine akasema kwamba hayo ndiyo aliyojifunza kwenye shokoa, ile kazi ya kulazimishwa, alipokuwa akibebeshwa mawe ya boma la Wajerumani.

"Wazee wangu, Nkasiogi angeteketea."

"Ajali haina kinga," alisema Lemburis. "Na mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Haya, kula nyama."

Aliila, na haikuwa na ladha. Alijiona kama mtu anayetwanga maji kinuni huku wenye kinu wakimsifia mikono.

Ndiyo maana siku hii alikuja na shoka bila kumwuliza mtu. Sasa mama yake amekaa mbele yake kama kisiki, naye uvumilivu ukamwishia.

"Unajua unachoogopa, Yeyo? Huogopi wafu. Unaogopa watu wakutende kama ulivyomtenda Nkasiogi. Mliolewa mwaka mmoja, mkalea pamoja. Umekwenda kumwona?"

Alipokwisha kusema alitamani ayarudishe maneno yake.

"Nilimkuta mtoni," alisema Nosim. "Nikageuza njia. Aliniita kwa jina nililoitwa usichanani. Nikazidi kwenda." Akafuta uso kwa ncha ya ngozi yake. "Mimi, mwanangu, moto siuogopi sana. Moto ni wa siku moja."

Loishiye alikuwa amekuja kupambana na udongo na fito, akidhani ukaidi wa mama ndio ukuta. Kumbe ukuta walikuwa watu, na Yeyo alikuwa mmoja wao, na yeye mwenyewe pia, kwani tangu amvute Nkasiogi kutoka motoni hakuwahi kwenda kunywa hata uji kwake. Aliliokota shoka akaondoka, na aibu ikamfuata mpaka nyumbani.

Kesho yake alitoboa nyumba yake mwenyewe. Mkewe alinuna, akahamishia vyombo vyote upande wa mbele. Wapita njia walisimama, wakaguna, wakaenda zao. Loishiye akawa anatokea nyuma asubuhi, akiingilia nyuma jioni, akibeba kuni, akibeba majani ya ndama, na watu wakaacha kumwomba tumbaku. Ilimuuma kuliko alivyotarajia. Akaenda kumwita Nkasiogi aje anywe uji kwake.

"Nimeshakufa mara moja," alisema bibi kizee. "Uji hautaniua."

Nkasiogi alikuwa amekaa karibu na moto wa Loishiye, kibuyu mkononi, Nosim alipokuja jioni na Naeku mgongoni na ngozi ya kulalia kwapani. Nosim aliinama kwenye mlango wa mbele, akamwona mgeni, akasimama pale pale, nusu ndani nusu nje. Hakumsalimu. Alimshusha mtoto, akatandika ngozi.

"Mtoto alale kwako," alimwambia mwanawe. "Mimi nitalala kwangu."

"Peke yako, Yeyo?"

"Ng'ombe yupo."

Akatoka. Loishiye alibaki amekunja ngumi. Mtoto alikuwa amempata, na mama alikuwa akimwacha arudi kulala nyuma ya ng'ombe na moto. Alitaka kumkimbilia, ambebe kwa nguvu, amtukane, vyote kwa pamoja. Nkasiogi akatikisa kichwa: subiri.

Nyayo za Nosim hazikuelekea kwake. Ziliizunguka nyumba zikakoma upande wa nyuma. Kwenye lile tundu, mwanga wa jioni ukazibwa na kivuli chake, kisha mkono wake ukaingia, ukapapasa fito zilizokatwa, juu, chini, ubavuni.

"Umelitoboa dogo," alisema kwa hasira. "Mtu mzima na mtoto mgongoni atapitaje hapa?"

Loishiye alifungua kinywa, lakini Nkasiogi alimtangulia. Aliweka kibuyu chini na kusema bila kugeuka:

"Mtoto humweki mgongoni, Nosim. Mtoto anatangulia. Kisha wewe unapita ubavu, mkono mmoja kwanza, halafu kichwa."

Loishiye alisubiri kusikia nyayo zikiondoka. Alisikia mama yake akivuta pumzi, na mkono mmoja ukaingia tena, kama Nkasiogi alivyosema.