Dawa ya Kutambua Wachawi

Mwaka 1994 mganga mmoja aitwaye Lukelo alifika kijiji cha Kisawasawa na suti yake kuukuu na kichupa cha dawa, akidai inatambua wachawi. Kila mtu alinawa kwenye bakuli lake la maji ya mvua, naye mganga akadondosha dawa humo. Maji ya Bibi Oliva, muuza kambale wa chumvi, yakageuka meupe kama tui.

"Mchawi huyu hapa!" mganga akapaza sauti. Vijana wakaokota mawe.

Theodosia, mwalimu wa kemia, akacheka kwa dharau. Alitia chumvi kwenye bakuli jingine la maji safi ya mvua, akampokonya mganga kichupa na kudondosha. Maji yakawa meupe vilevile.

"Kwa hiyo na chumvi nayo ni mchawi? Hii ni nitreti ya fedha, mganga. Fedha na sodiamu ya chumvi zimebadilishana wenzi, ikatokea kloridi ya fedha. Haiyeyuki, ndiyo huo weupe. Bibi huyu ametoka kutia samaki chumvi, mikono haijakauka. Hata wanafunzi wangu wavivu wanalijua hilo!"

Lukelo aliondoka bila kuaga. Vijana wakaangusha mawe, wakaomba radhi. Bibi Oliva aliwatazama mmoja mmoja, akasonya, akaenda zake.