Funguo za Ghala la Mpunga

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kazi hii ilikuwa imejitembeza yenyewe hadi mlangoni kwa Yasmini. Tangu kitinda mimba wake aanze shule, alikuwa amebisha hodi Hedaru na Same mjini, na kila alikofika aliulizwa alikuwa wapi miaka yote hiyo. Alijibu kwamba alikuwa akilea. Wakamwambia watampigia.

Mzee Eliamini, katibu wa chama cha wakulima wa mpunga hapa Kihurio, hakuuliza neno. Aliitikia shikamoo yake, akamsukumia funguo.

"Ghala lako hilo, mama Nassoro. Tia sahihi, uanze."

"Sefu yuko wapi? Hakuna makabidhiano bila mtunza ghala anayeondoka."

"Ana msiba Kwakoa. Mama wewe! Umezoea kufunua kila sufuria? Magunia hayo, yatazame."

Aliyatazama. Yalipangwa hadi karibu na dari, yakiwa nadhifu kupita kiasi. Kabla ya uzazi, Yasmini alilitunza ghala hilihili, na alijua kuwa mwenye sahihi ndiye atakayewajibu wakulima watakapodai mpunga wao. Alijua pia kuwa hapakuwa na mlango mwingine uliomfungukia.

Akatwaa bambo, kile kichuma cha kuchomea magunia, ukutani, akachoma gunia la mbele. Mpunga safi ukamtiririkia kiganjani.

"Umeridhika?" Mzee akacheka.

"Safu za ndani bado."

Kicheko kikakatika. "Vibarua hawapo leo."

"Nitapanda."

"Mama mzima, juu ya magunia kama kima?"

Alijifunga kanga kiunoni, akapanda. Kule nyuma alichoma gunia, zikatoka pumba. Akachoma jingine: pumba tupu.

Aliposhuka, Mzee Eliamini alikuwa amerudishia mlango. "Mwanangu," alisema taratibu, "tia sahihi tu. Msimu ujao tutajaza. Nani mwingine atakuajiri?"

Swali lilimkata maini, kwa kuwa jibu alilijua. Lakini sasa alijua pia kwa nini hapa hakuulizwa alikuwa wapi: alitafutwa mtu aliyesota kiasi cha kutochungulia.

"Nitapokea funguo wenye mpunga wakiwa wamesimama hapa," alisema.

"Basi kazi huna."

"Hata jana sikuwa nayo, Mzee."

Alifungua mlango, akatoka. Wakulima walikuwa mferejini, wakingoja zamu ya maji. Yasmini aliwaendea moja kwa moja, ngumi yake ikiwa imefumbata pumba.