Sweta la Babu

Kompyuta yetu tunaiita Babu. Kaka aliiunganisha kwa mikono yake mwenyewe nikiwa bado shule ya msingi, na alipopata kazi mbali akaniachia. Tangu hapo, kila Jumapili alasiri tunacheza mchezo wa mpira, yeye kule, mimi huku, sauti yake ikitoka kwenye spika. Kaka si mtu wa simu. Ukimpigia atasema "niko poa," kisha kimya. Lakini mpe timu ya kuongoza, atakusimulia habari za bosi wake, jino linalomsumbua, hata binti wa ofisi ya pili, yote kati ya kona na mpira wa kurusha.

Ndiyo maana Babu alipoanza kuganda nilikosa raha. Nakaribia kufunga, natazamana na kipa, picha inasimama. Ikirudi, mpira uko wavuni mwangu.

"Pole, Profesa," kaka anasema. Huniita hivyo tangu nihitimu. "Huko chuoni hawakufundisha kukaba?"

Wiki iliyopita tuliganda mara nne. Akasema basi tupumzike kwanza mpaka nipate mashine ya maana. Alisema kwa utani, lakini mimi niliona Jumapili zetu zikifungwa moja moja kama maduka.

Nilikuwa na njia mbili: nimwongezee Babu memori, au nimuuze kwa vipuri ninunue kompyuta nyingine. Akiba yangu ingetosha moja tu. Jumatatu nikamvua nguo zake, maana mama hataki zichafuke barabarani, nikambeba hadi kwa fundi.

Fundi alimwasha, akacheza saa nzima. Babu hakukwama hata mara moja.

"Mdogo wangu, huyu mzima. Ana adabu kuliko wateja wangu."

Nikamrudisha nyumbani. Akaganda. Jumatano nikampeleka tena, akacheza vizuri tena.

"Kwani huko kwenu mnamfanya nini?" fundi akauliza.

"Tunamheshimu."

"Basi anadeka." Akampachika memori mbili za kuazima. "Jaribu hizi. Usipoona tofauti, nirudishie."

Nyumbani mchezo ulifunguka haraka zaidi, kisha ukaganda palepale unapogandaga. Ijumaa nikambeba tena, na fundi akanionyesha mashine mpya yenye taa za rangi tumboni. Niliitazama, nikamtazama Babu amekaa sakafuni na mikwaruzo yake, nikashindwa kusema ndiyo. Nikamwomba aje kwetu Jumapili amwone mara ya mwisho.

Alikuja saa nane mchana. Mama alikuwa kwenye kigoda chake cha pembeni, anafuma. Fundi akaingia, akasimama.

Babu alikuwa amevaa sweta zito la rangi ya zambarau, kutoka kichwani hadi chini, na juu yake jingine la kijani, jipya, lenye vifungo. Mimi humwasha kwa kupenyeza kidole kwenye tundu la kifungo cha tatu.

"Nani kamvisha?" fundi akanong'ona.

"Mama."

"Hewa inaingilia hapa, inatokea huku. Mmemziba pua zote. Anapata joto, anaganda."

Nilihisi digrii yangu ikinitoka mwilini. Kisha nikamwangalia mama. Alikuwa ameanza la tatu.

"Niuzie ile yenye taa," nikamnong'oneza fundi.

"Ununue kompyuta nzima ili usimwambie mama yako?"

"Ndiyo."

"Na hiyo mpya ataivisha nini?"

Nikapiga moyo konde, nikachuchumaa mbele ya kigoda nikamweleza mama kila kitu, nikiusifu sana ufumaji wake.

Mama akaweka sindano chini. "Alikuwa ananguruma," akasema. "Simsikii kaka yako vizuri. Nilipomvisha, nikaanza kumsikia hata akicheka. Halafu naye akazidi kunguruma, na mimi nikazidisha uzi."

Miaka yote hiyo nilidhani anakaa pale kwa ajili ya mwanga wa dirisha.

Fundi akajifanya anafunga kamba za viatu. Kisha tulimvua Babu, tukampangusa vumbi, na spika moja tukaivuta hadi mapajani kwa mama. Memori nikazinunua zibaki, kwa sababu mchezo ulikuwa unafunguka haraka kweli. Yenye taa ibaki dukani.

Nikamwandikia kaka kwamba tujaribu tena, na saa tisa akaingia. Hadi mapumziko nilikuwa nimemfunga matatu, Babu akinguruma kwa uhuru wake wote.

"Profesa, umebadilisha mashine?"

"Nimemvua sweta tu."

"Sweta gani? Mama yupo hapo?"

"Yupo. Spika iko mapajani kwake."

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Jino linaendeleaje?"

"Linaende... Mama, umejuaje habari za jino?"

"Nasikia kila Jumapili." Mama akainua lile sweta la tatu, akalipima kwa macho. "Na huyo binti wa ofisi ya pili, anapenda rangi gani?"

Kwenye kioo, beki wa kaka alisimama tuli na mpira mguuni. Safari hii Babu hakuwa na kosa lolote. Nikamnyang'anya mpira taratibu, nikaenda kufunga la nne.